Nguzo Iliyofutwa kwa Ndala

"Mpandisheni Zege juu ya bati, mumwekee na muziki acheze. Banda langu likilia hata nyii, leteni wembe mninyoe nywele, ndevu na nyusi!"

Maneno hayo aliyasema mjomba wangu kwenye kipaza sauti, mbele ya mtaa mzima, akiwa amesimama juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa kwa sababu kimo chake hakikuwahi kulingana na maneno yake. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Zege hakucheka. Zege ni fundi mwashi, mnene wa kuheshimika, na sakafu nyingi za mtaa huu zimepita mikononi mwake. Alikuwa ameuliza swali moja tu, tena kwa adabu: "Injinia, na pale katikati patashikwa na nini?"

Lilikuwa swali pekee la maana katika mkutano ule, na kicheko kililizika.

Mjomba si injinia. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alianza na majiko, akapanda kwenye madirisha, akafika kwenye mageti na hapo akatulia. Jina la Injinia alipewa na mteja mmoja aliyekuwa anatafuta kupunguziwa bei. Mjomba akalipenda jina, bei ikapungua, na tangu siku hiyo hajaitika jingine. Lakini kazi anaijua, nisimwonee. Ana sikio. Anagonga chuma kwa kucha, anainamisha kichwa kama daktari, halafu anakwambia, "Hiki kina ufa, kirudishe dukani." Nawe ukikirudisha, ufa upo.

Banda lenyewe lilitokana na aibu. Shughuli zote za mtaa wetu zilikuwa zinafanyika barabarani: harusi barabarani, mahafali barabarani, kumkaribisha mtoto barabarani. Lori la maji taka likitaka kupita, bibi harusi anainuka na kiti chake, linapita, anarudi kukaa, na tabasamu lile lile. Kwa hiyo kilipopatikana kiwanja nyuma ya shule ya chekechea, watu walikubaliana siku hiyo hiyo: lijengwe banda la wazi, lisilo na kuta, la kukalisha watu mia tatu. Kazi ya kulibuni akapewa Injinia. Nani mwingine?

Sasa, mjomba hachori kwenye karatasi. Anasema karatasi ni ya watu wanaoogopa kuinama. Yeye anachora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kitu kwa ukubwa wake halisi. Geti la mita nne, anachora mita nne. Kisha analaza chuma juu ya chaki, anakata, anachomea, anainua. Kwa mageti, njia hiyo haijawahi kumwangusha. Tatizo ni kwamba upana wa banda ulikuwa mita kumi na nne, na sakafu ya karakana ina mita nane, tena ukihamisha baiskeli.

Akapata akili. Kenchi, ile mifupa ya chuma inayobeba bati, akaichora nusu. Angetengeneza nusu kumi na mbili, aziunganishe mbilimbili kule kule kiwanjani, zipatikane kenchi sita. Na chini ya kila kiungo, katikati ya banda, ingesimama nguzo. Kiungo kingekaa juu ya kichwa cha nguzo kama mtungi juu ya ngata. Ilikuwa kazi safi. Nasema hivi nikiwa na nusu ya diploma ya ujenzi, na nusu niliyonayo inatosha kuona hilo.

Nusu zote kumi na mbili zilikuwa zimeshakamilika, zimepakwa rangi ya kuzuia kutu na kuegemezwa ukutani, siku Mama Saluni alipokuja kukagua. Huyu ana saluni pale kona, na kwenye kamati ya banda ni mjumbe mmoja mwenye sauti ya wajumbe saba. Binti yake wa pekee ndiye angekuwa wa kwanza kufanyiwa harusi ndani ya banda. Akazunguka ule mchoro, mikono kiunoni.

"Injinia, hiki kijiti hapa katikati ni nini?"

"Nguzo, dada."

"Ya kazi gani?"

"Ya kushika paa."

"Na zile za pembeni zinashika nini? Mkono wa jirani?"

"Zote zinasaidiana, dada."

"Yaani nimlee mwanangu miaka ishirini na sita, siku yake akae nyuma ya nguzo, watu wamwone sikio moja?" Akainua mguu, akaifuta ile nguzo kwa ndala. Shwa, shwa. Pakabaki ukungu mweupe sakafuni. "Hapo sasa pamependeza."

Kwenye mchoro ilikuwa nguzo moja. Kiwanjani zilikuwa sita. Mjomba aliangalia ule ukungu, akaziangalia nusu zake kumi na mbili ukutani. Angeweza kusema: dada, bila nguzo hizi si kitu, tuanze upya kwa chuma kinene, tena kizima. Badala yake alisema, "Hakuna shida. Chuma ni chuma." Wiki hiyo hiyo ndipo Zege alipouliza swali lake, na mjomba akapanda juu ya ndoo.

Banda likasimama. Lilikuwa zuri, wallahi. Peupe toka mwanzo hadi mwisho, jicho halikwami popote. Watu walikuja kupiga picha wakiwa wamenyoosha mikono katikati, kuonyesha kwamba hakuna kitu.

Woga ulimkuta mjomba akila. Ilikuwa saa saba mchana, wiki tatu kabla ya harusi. Alikuwa ameanza mazoea ya kwenda kulia chakula kwenye kivuli cha kazi yake, peke yake, kama mfalme. Jua lilikuwa limechemsha bati. Akasikia: nyii.

Akaacha kutafuna.

Mtu mwingine angedhani ni ndege. Lakini yeye anajua bati likipanuka linalia ta, na parafujo ikilegea inalia tik. Nyii ni chuma kinachovutwa. Akakaa na tonge mdomoni, macho juu, mpaka chakula kikapoa. Hakikulia tena. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi.

Kesho yake akaenda na uzi wa nailoni na kiberiti. Akaufunga uzi kutoka nguzo ya pembeni huku hadi ya pembeni kule, ukakazwa chini kidogo ya kenchi ya kati. Nafasi kati ya uzi na chuma, pale kwenye kiungo, aliipima kwa njiti za kiberiti, moja juu ya nyingine. Zikaingia sita. Akafikiri: kama chuma hakishuki, zitaingia sita siku zote.

Jumatatu, sita. Jumanne, sita, akala vizuri. Alhamisi, ya sita ikakataa. Akaisukuma kwa kidole, akaigeuza, akaijaribu kwa upande wa kichwa, kama mtu anayebembeleza ufunguo usio wake. Ikakataa. Jumapili zikaingia nne.

Nyumbani mkewe alianza kumwona anakula huku anaangalia juu.

"Baba watoto, dari lina nini?"

"Halina kitu."

"Basi angalia sahani, dari halina mchuzi."

Akawa anashtuka mlango ukilia. Alitia grisi bawaba zote za nyumbani, akamaliza, akaenda kutia za majirani bila kuombwa. Watu wakasema Injinia siku hizi ana roho nzuri. Kumbe mwenzao hakutaka kusikia kitu chochote duniani kikilia nyii.

Siku moja akanivuta nyuma ya karakana. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo.

"Mpwa wangu. Huko chuoni walikufundisha, kitu kikiunganishwa katikati, na chini hakuna kitu, kinabebwa na nini?"

Ukweli ni kwamba somo la kenchi linafundishwa muhula wa nne, na mimi niliondoka wa tatu. Lakini nimeshazoea kujibu kama mtu aliyemaliza.

"Kinabebwa na pembeni, mjomba."

Akaniangalia kama mtu anayesoma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye chupa ya dawa. "Na kiungo chenyewe?"

Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuogopa, maana nilikuwa nimetegemea yeye ndiye anajua.

Hesabu yake ilikuwa hivi, na aliirudia kwangu mara nyingi kama mgonjwa anayerudia pale panapouma. Akisema, jina la Injinia linakufa, na karakana inalifuata. Asiposema, watu mia tatu wanakaa chini ya kiungo wakipiga makofi. Hili la pili lilikuwa baya zaidi, hakuna ubishi. Lakini la kwanza lilikuwa la hakika, na la pili lilikuwa na labda ndani yake. Labda litashika. Binadamu anaweza kuishi ndani ya labda muda mrefu sana. Mjomba aliishi humo siku kumi na tano, akizidi kukonda.

Labda hiyo ilikatwa na mpambaji wa harusi. Alikuja siku tatu kabla, kijana mtanashati mwenye mikasi shingoni, akifuatwa na mzigo uliofunikwa shuka. Akaufunua. Ilikuwa bembea ya kukalia watu wawili, imezungushiwa maua ya kitambaa.

"Ya maharusi hii, Injinia. Waingie, wakae, wabembee taratibu, watu wapige picha. Naifunga pale juu katikati, kwenye kile kiungo. Mungu akubariki, umeniwekea kama sikio la kushikia."

Mjomba alikaa chini. Asubuhi ya siku ile zilikuwa zimeingia njiti mbili.

Akainuka na kwenda moja kwa moja saluni, mimi nyuma yake. Ndani kulikuwa na wateja wanne, mmoja kichwa chake kimo ndani ya mashine ya kukaushia, na Mama Saluni ana kitana mdomoni.

"Dada, banda halifai."

"Halifai nini?"

"Kukaa watu. Litaanguka."

Mama Saluni akatoa kitana. "Injinia, umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi kanywe."

Wateja wakacheka. Mjomba akaanza kueleza: nusu za kenchi, kiungo, uzi, njiti. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, maana alikuwa anatetemeka, na mtu mfupi akitetemeka anaonekana kama anaigiza. Aliyekuwa ndani ya mashine akapiga kelele, "Anasemaje? Anataka meza ya mbele?"

"Anataka kunyolewa!" akajibu mwenzake. "Si alisema mwenyewe? Nywele, ndevu na nyusi. Wembe si huu hapa?"

"Kaa, shemeji, hatukutozi!"

"Sikilizeni," akasema mjomba. "Nilidanganya. Nilisema uongo kwenye kipaza sauti."

Mama Saluni akaacha kucheka, lakini si kwa sababu ameamini. "Wewe hukudanganya," akamwambia polepole, kama anamtuliza mtoto. "Wewe una wasiwasi wa shughuli. Hata mimi ninao. Kadi mia tatu zimeshatoka, baba. Nenda kapumzike."

Hiyo ndiyo adhabu ya mtu mwenye mdomo. Alijisifu vizuri mno. Sasa alikuwa anaukana uongo wake, na watu wanautetea.

Aliyemwamini ni Zege. Alimkuta mjomba kiwanjani asubuhi, siku moja kabla ya harusi, amesimama nje ya banda, haingii. Bembea ilikuwa imeshafungwa, na alipopima alfajiri njiti iliingia moja tu, kwa shida.

"Zege ndugu yangu, ulipouliza swali lako..."

"Achana na hayo," Zege akamkata. "Waliocheka ni wengi. Tupime. Mimi nina mifuko minne ya saruji imebaki kwenye sakafu hii. Tuipandishe kwenye bembea. Saruji haina shemeji, itasema kweli."

Mifuko minne ni kilo mia mbili: bwana harusi, bibi harusi, na shangazi mmoja atakayelazimisha kupiga nao picha. Mjomba akaenda dukani, akarudi na furushi la kamba mpya, akaizungusha banda lote, nguzo kwa nguzo, mara mbili. "Mtu asivuke," akasema. Habari zikapita haraka na watu wakajaa pande zote nne. Hata wapishi waliacha viazi.

Zege akaingia na mfuko wa kwanza begani. Kumwona akienda kule katikati, mnene, polepole, akipita chini ya kile kiungo, nilijikuta nimebana meno mpaka taya likauma. Akauweka. Kimya. Akatoka. Mjomba akachukua wa pili yeye mwenyewe, hakukubali mwingine aingie. Kimya. Wa tatu, Zege. Kimya. Wa nne mjomba aliubeba kama maiti ya mtu anayemjua. Akaulaza juu ya wenzake, akarudi kinyumenyume, macho juu, midomo inacheza.

Kimya. Bembea ikayumba kidogo, maua yake yakatikisika, ikatulia.

Mtaa ukalipuka kwa shangwe. "Injinia! Injinia!" Wakampiga mgongoni. Mama Saluni akamshika mkono, akauinua juu kama wa bondia. "Si nilikwambia? Chuma ni chuma!"

Sijawahi kumwona mtu akiogopa vile. Muda wote alikuwa anaogopa banda litaanguka. Sasa alianza kuogopa kwamba halitaanguka leo. Litangoja. Litangoja kesho, saa ya kukata keki.

"Mifuko ibaki," akasema.

"Nini?"

"Ibaki pale mpaka jua lishuke. Na kamba ibaki. Nawaomba."

Wakamwacha, kwa furaha tu. Wapishi wakarudi kwenye viazi. Mjomba akakaa kwenye mchanga nje ya kamba, mimi pembeni yake, na Zege akaegemea ukuta wa chekechea. Kila nzi aliyepita nilimsikia.

Saa tisa kasoro, Mama Saluni akarudi na mafungu ya utepe mkononi. Mpambaji alikuwa amesahau mikasi yake juu ya sakafu, pale pale chini ya bembea. Akainua kamba, akainama, mguu mmoja ukawa ndani.

Mjomba alimrukia. Sina neno jingine. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Niachie, Injinia."

"Sikuachii."

"Nachukua mikasi tu. Dakika moja."

"Nitakununulia."

"Umeniumiza mkono! Watu wanatuangalia!"

"Waangalie." Akapiga magoti, hajaachia. "Dada. Mama. Nakuomba kwa jina la mwanao. Nitukane, ninyoe, fanya utakalo, lakini usiingie."

Sijui kama ilikuwa imani au aibu ya kushikwa na mwanamume aliyepiga magoti, lakini aliutoa mguu. "Saa kumi na moja," akasema akijifuta mkono, "nafungua kamba hii mwenyewe, na wewe sitaki kukuona."

Akageuka kuondoka. Wingu likapita juu ya jua. Bati likaanza kupoa: ta, ta, ta, kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha nyii, moja, ndefu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kiungo kilifunguka upande wa chini. Nilikiona, mwanga ukipita katikati yake. Zile nusu mbili zikaachana, zikainama kila moja kwake, na bati likazifuata, na kenchi ya kati ikazivuta za jirani, moja baada ya nyingine, zote sita. Haikuwa kishindo kimoja. Ilikuwa kama mtu anateremka ngazi amebeba sufuria zote za mtaa. Halafu saruji ikapanda juu, nyeupe, hatukuonana.

Vumbi lilipotua, nguzo za pembeni zilikuwa zimesimama na kamba yake, na ndani yake rundo la bati limefika kifuani. Sakafu ya Zege ilikuwa imepasuka katikati. Mama Saluni alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwenye kamba, mweupe wa saruji mpaka kope, utepe bado mkononi.

"Nilikuwa naingia pale," akasema. "Nilikuwa naingia pale."

Mjomba hakumsikia. Alikuwa anatuhesabu. Alimgusa kila mtu kichwani, mmoja, wawili, watatu, Zege, mimi, wapishi waliokuja mbio, watoto wa chekechea kupitia dirishani, alifika mwisho akaanza upya. Alihesabu hata watu waliofika baada ya banda kuanguka. Mkewe alipokuja kumchukua, akamgusa na yeye, akasema, "Arobaini na mmoja," akaanza tena.

Harusi ilifanyika barabarani. Ilipendeza, nasikia, sisi hatukwenda. Mtaa una maelezo mawili. Kuna wanaosema Injinia hakujua kazi, na kuna wanaosema banda lilikuwa zima, saruji nne ndizo zilizoliua, na bila wasiwasi wake lingedumu miaka. Mama Saluni hayumo katika kundi lolote. Mtu akianzisha habari hizo saluni kwake, anaongeza moto wa mashine mpaka hakuna anayesikika.

Mjomba amerudi kwenye mageti. Anaitwa Fundi sasa, na anaitika. Akialikwa mahali, anasimama nje mpaka ahesabu nguzo, na mara nyingi anaishia kula akiwa amesimama huko huko. Bati na vyuma vilishaondolewa kiwanjani, zimebaki nguzo za pembeni na kamba yake, hakuna tena cha kumwangukia mtu. Bado kila miezi michache huenda kukagua ile kamba, na penye kuchakaa huweka mpya. Huinunua duka la vifaa pale njia panda. Kamba ya manila, unene wa kidole gumba, ni mia saba kwa mita.